Shangazi, mume wangu anamtafuta babu aliyekwisha kufa

*Mume wangu amekuta kipande cha kazi, ile kadi ya kibarua, cha babu yake kwenye sanduku la marehemu baba yake. Babu alitoka Kasulu akaja Korogwe kukata mkonge, akafia kambini kabla mume wangu hajazaliwa. Sasa anataka kuchukua akiba ya ujenzi aende Kigoma kutafuta ukoo. Juzi nimeona kwenye simu yake kuna bibi anamwita "mjukuu wangu". Nimzuieje?* Mama Wawili, Korogwe

Pole, mwanangu. Pole yenyewe ndiyo hiyo.

Barua yako nimeifupisha, ila kila baada ya mistari miwili ulikuwa unarudi kwenye kiwanja. Hilo la bibi silo linalokunyima usingizi. Unaogopa babu aliacha mke Kasulu, na kesho watu watabisha hodi wakidai fungu. Kiwanja mmenunua wenyewe, hati ina majina yenu. Watakidai kwa lipi?

Na mke huenda kweli alimwacha. Vijana wale walisukumwa na kodi ya kichwa, na kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, ikawa inawakusanya toka Kigoma, Songea na Rungwe, inawapeleka kwenye mkonge. Mkataba ukiisha wapo waliorudi. Wengine waliona haya kurudi mikono mitupu, au walishapata mama watoto kambini. Watoto wao wakachekwa kwa kuitwa wana wa manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakajifunza kunyamaza. Baba mkwe wako alinyamaza mpaka kaburini. Mumeo naye anyamaze, kwa sababu ya kiwanja? Mimi niko upande wake.

Ndoa za siku hizi nazo! Zamani mshenga harudi na jibu mpaka wazee wameuliza: ukoo gani, mnazika wapi, kuna maradhi gani. Leo kamati inachangisha mamilioni, ukumbi unapambwa, na bibi harusi hajui hata babu wa mumewe aliitwa nani. Wanao wakikutana chuoni na binamu zao wasiowajua wakapendana, utamlaumu nani? Mkataa kwao mtumwa, na mumeo hajakataa kwao, alifichwa.

Ila naye asikombe akiba yote. Aende na mtoto mkubwa, inatosha. Kabla ya hapo akae na yule shangazi yake wa Magunga, uliyemtaja juujuu kama vile hana maana. Kipande hakitoshi: makarani waliandika majina walivyoyasikia, na wapo vibarua waliojipa majina mapya huko huko kambini. Amuulize babu alizaliwa na nani, ukoo wake upi, alikuwa akikitaja kitongoji gani. Bibi huyo wa kwenye simu akitaja yale yale bila kudokezwa, ndugu huyo. Akianza na kuomba pesa, simu ikatwe.

Wakifika Kasulu wasiguse habari ya mashamba. Wasalimie, waoneshwe makaburi, waandike majina.

Wewe umweleze mumeo kwamba ulichungulia simu yake. Leo, kabla hajakata tiketi.