Mwenzako akizidiwa na kazi

Unaogopa kwamba ukimuuliza mwenzako anayelia kazini utamuumiza zaidi. Muulize tu. Mvute pembeni, faraghani, umwambie ulichokiona: "Siku hizi huli, huongei na mtu, na jana uliondoka unatetemeka. Kuna nini?" Kisha nyamaza, msikilize. Usimwambie ajikaze, wala usimpe mifano ya waliopitia makubwa kuliko yeye.

Akisema haoni haja ya kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo pia, na wengi hupata ahueni wakiulizwa. Akikubali, usimwache peke yake: ita mtu anayemwamini, mpeleke hospitali au piga simu ya dharura. Hapo usiahidi kutunza siri.

Kama si dharura, mpunguzie jambo moja la leo, labda umshikie zamu au umsindikize kwa mshauri nasaha. Lakini mzigo wa kazi usipopungua, atarudi palepale. Mwongozo wa shirika hilo wa 2022 unawataka waajiri warekebishe mazingira ya kazi yenyewe, si kumfundisha mfanyakazi kuvumilia tu. Akiridhia, nendeni pamoja kwa msimamizi.