Jicho kwa Jicho: Marabi Waliisomaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye kikundi chetu cha Biblia tulisoma Kutoka 21:24, "jicho kwa jicho, jino kwa jino". Mwenzetu akasisitiza kwamba Wayahudi walikuwa wakitoboana macho mahakamani. Ni kweli? – Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba. Suala hili nimelifundisha miaka mingi na bado linanisisimua, kwa sababu Wayahudi wenyewe walilijadili kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Filo wa Aleksandria, mwanafalsafa Myahudi aliyeishi wakati mmoja na Yesu, aliielewa aya kama ilivyoandikwa: adhabu ilingane na kosa. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, hawakukubali. Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo yao uliokamilishwa mnamo mwaka 200, inamtaka aliyejeruhi alipe mambo matano: kiungo kilichoharibika, maumivu, matibabu, siku ambazo majeruhi hakufanya kazi, na aibu aliyoipata. Fedha, si jicho.

Waliipata wapi hukumu hiyo? Hapo ndipo ufundi wao ulipo. Hesabu 35:31 inakataza kupokea dia kwa uhai wa mwuaji. Basi, walisema, aliyekatazwa ni mwuaji tu. Aliyeharibu kiungo anaweza kulipa. Talmud ya Babeli, mkusanyiko wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inaongeza maswali makali: kipofu akimtoboa mwenziwe jicho, mtamtoboa nini? Lakini humo humo imehifadhiwa kauli ya Rabi Eliezer kwamba ni jicho hasa. Napenda sana kwamba hawakuifuta.

Katika karne ya 10 ubishi ukawaka upya. Saadia Gaon, mzaliwa wa Misri aliyeongoza chuo cha Sura kule Babeli na kuitafsiri Torati kwa Kiarabu, alibishana na mtu aitwaye Ben Zuta, aliyeshikilia maneno ya aya yenyewe. Saadia akamuuliza: pigo likimpunguzia mtu theluthi ya uwezo wa kuona, nani atapiga pigo la pili lenye kipimo kile kile, lisizidi wala kupungua? Ben Zuta akamjibu kwa andiko: "Kama alivyofanya, atafanyiwa vivyo hivyo." Saadia akamrudisha kwa Samsoni, ambaye mkewe alipewa mtu mwingine, naye akasema amewatenda Wafilisti kama walivyomtenda. Je, naye aliwachukua wake zao akawapa wengine? La, aliwalipiza kwa njia nyingine.

Mabishano hayo tunayajua kupitia Ibn Ezra, mfafanuzi wa Biblia mzaliwa wa Tudela huko Hispania, aliyeyaandika katika karne ya 12. Yeye alikuwa bingwa wa sarufi na alipenda maana ya wazi ya maneno, lakini hapa alikiri kwamba amri za Torati hazifafanuki kikamilifu bila mapokeo ya wazee. Kabla yake Rashi wa Troyes, Ufaransa, mfafanuzi mwingine aliyefariki mwaka 1105, alikuwa ameshaandika kwa ufupi: hulipa thamani ya jicho.

Kwa hiyo mwenzako ana Filo na Rabi Eliezer upande wake, ila sheria ya marabi ilikuwa malipo. Mkikutana tena, someni Hesabu 35:31 na Walawi 24:19-20 pamoja. Ile ya Walawi ndiyo aliyoitegemea Ben Zuta, nayo haijibiki kirahisi.