Maswali Yenu: Maabara ya simyuleta za maopareta, tuanzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum Mhariri. Mimi niko kwenye kamati ya chuo cha ufundi huku Mokowe, Lamu. Tangu gati ya kwanza ya bandari ifunguliwe Mei 2021 vijana wetu wengi wakienda saiti wanaishia kushika beleshi, maopareta wa eskaveta na grida wanaletwa kutoka mbali. Sasa tumepata mfadhili wa maabara ya simyuleta, yaani viti vyenye leva na skrini za kompyuta vya kujifunzia kuendesha mashine, katalogi aliyotuletea imejaa, eskaveta, grida, foklifti, kreni ya bandari, na ile ya kiti kinachotikisika ndio ghali kushinda zote. Tununue ipi, na tuiweke kisiwani ama huku bara?
Mwanakamati, Mokowe

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kabla ya katalogi, tafuteni mwalimu. Nasema hivi kwa uchungu manake chuo kikishanunua mashine bila mtu wa kufundisha, kile chumba kinafunguliwa siku ya wageni tu halafu kinafungwa. Na mwalimu mwenyewe asiwe kijana wa kompyuta, awe opareta aliyekaa kwenye kiti cha mashine miaka, kompyuta atafundishwa, lakini jicho la kuona kwamba mwanafunzi anavuta leva kwa mkono mzima badala ya kifundo, hilo halifundishwi kwa wiki moja.

Mkishampata huyo, chagueni mashine moja. Mimi ningeanza na eskaveta kwa sababu kazi zake ziko kila mahali, barabara, mitaro, machimbo, na kwa sababu ndio inayosumbua mikono. Kwa mpangilio unaoitwa ISO leva ya kushoto inazungusha mashine na kupeleka ule mkono wa mbele unaobeba baketi nje na ndani, ya kulia inainua bumu, lile boriti kubwa linaloanzia kwenye mashine, na kukunja baketi. Kuna mpangilio mwingine, SAE, ambao bumu na mkono vinabadilishana leva, kwa hiyo ulizeni makontrakta wa huko mashine zao ziko vipi na mhakikishe simyuleta inaweza kubadilishwa, la sivyo kijana atazoea upande mmoja halafu siku ya kwanza saiti aguse leva akidhani anasogeza mkono, kumbe bumu ndio inashuka.

Mtu mgeni anafanya kitu kimoja kimoja, anainua, anasimama, anazunguka, anasimama, anamwaga. Opareta anainua bumu huku anazunguka huku baketi imekunjwa isimwage, vitu vitatu kwa pamoja, na hapo ndipo simyuleta inapolipa gharama yake. Eskaveta ya tani 20 ikifanya kazi inakula dizeli kama lita 15 kwa saa, zaidi udongo ukiwa mgumu, sasa piga hesabu wanafunzi kumi kila mmoja anahangaika na leva. Kompyuta na skrini zake tatu hazifiki hata kilowati moja. Na inaweka rekodi ya kila kitu, mara ngapi baketi imegonga tipa, mzunguko mmoja umechukua sekunde ngapi, amezunguka nyuzi 90 ama 180 bila sababu. Mwalimu akiwa kwenye meza yake anaweza kupasua paipu ya haidroliki ghafla ama kupitisha mtu nyuma ya mashine, aone kijana anafanya nini. Mashine ikipinduka kwenye mteremko hakuna anayezikwa. Marubani wanajifunza hivi tangu zamani, Edwin Link wa Marekani alitengeneza chombo chake cha kufundishia urushaji ndege mwaka 1929.

Kile kiti kinachotikisika kiacheni kwanza. Kinasaidia kweli kuhisi mashine ikianza kuelemea, lakini ni vyuma na mota zaidi za kutunza na fundi wake hayuko karibu. Pesa hizo nunueni leva nzuri zenye uzito wa kweli, leva za spea, na skrini isiyochelewa, manake picha ikichelewa nyuma ya mkono mwanafunzi anapata kichefuchefu. Hata ikiwa nzuri mkalishe dakika 20 au 30 halafu apishe mwenzake, yeye akae nyuma amhesabie makosa. Muulizeni muuzaji pia kama programu inafanya kazi bila intaneti, na kama leseni yake inalipiwa kila mwaka, mfadhili akiondoka nani atalipa?

Kuhusu mahali, iwekeni bara, sina shaka kabisa. Bandari iko bara, mashine za kweli ziko bara, na mwanafunzi atahitaji kutoka kwenye kiti cha darasani kwenda saiti bila kungoja boti. Chumba kiwe na eisii inayokausha hewa, kompyuta zifungiwe vumbi, muwe na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, maana chumvi ya hewa ya Lamu inakula viunganishi vya nyaya kimya kimya na umeme ukikatika katikati ya zoezi data zinapotea.

Lakini kabla ya kusaini chochote na mfadhili, pateni barua ya kontrakta mmoja ama kaunti ya kuwapa saa za mashine halisi. Simyuleta haimfundishi mtu kuzunguka mashine asubuhi, kucheki oili na maji, kupaka grisi kwenye pini, kunusa haidroliki iliyopata moto, wala kujua mchanga wa pwani unavyoporomoka ukingoni.

SWALI: Mimi ni msichana wa Malindi, nimeona kozi ya wiki mbili ya simyuleta pekee, wanasema nikimaliza nitakuwa opareta. Nilipe?
Dada wa Malindi

JIBU: Usilipe bado dadangu. Cheti cha simyuleta sio leseni, mashine hizi ziko daraja G la leseni ya udereva ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mwajiri mwenye akili atakuuliza pia cheti cha mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda. Waulize wakuandikie kwenye karatasi, ni saa ngapi utakaa kwenye mashine yenyewe, ya nani, na iko wapi. Wakizungukazunguka ondoka. Kwa pesa hiyo hiyo nenda ukaulize nafasi ya usaidizi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kuna mashine za kuchota na kusukuma chumvi, na ukitaka kozi kamili ulizia KIHBT, chuo cha serikali kinachofundisha maopareta wa mashine za barabara.