Mzee wa Nyota Anajibu: Paji la Uso la Waklingoni

SWALI: Shikamoo, Mzee wa Nyota. Mimi na kaka yangu tumeanza kutazama Star Trek, ile mifululizo ya televisheni ya safari za angani, tangu ile ya 1966, tunakwenda kwa mpangilio. Waklingoni wa mwanzo, wale viumbe wa sayari nyingine, wana mapaji laini kama yetu. Tulipofika kwenye filamu ya 1979, tukawakuta wana matuta ya mfupa. Kaka anasema hadithi isiyojikumbuka haistahili kufuatwa. Mimi naipenda, siwezi kuiacha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako ana macho makali, ila hukumu yake imelizidi kosa.

Sababu ya kwanza ni fedha. Waklingoni walipotokea mwaka 1967, kipindi kile hakikuwa na bajeti ya kumvika kila mwigizaji sura ya bandia. Walikolezwa rangi ya ngozi, wakabandikwa ndevu, kamera zikawashwa. Filamu ya 1979 ilikuwa na fedha, ndipo matuta yakaja. Na kwa muda mrefu, ndani ya hadithi yenyewe, hakuna aliyeuliza. Mwaka 1994, makamanda watatu wa zamani, Kor, Kang na Koloth, walirudi katika Deep Space Nine, mfululizo wa Star Trek unaotokea kwenye kituo cha angani. Waigizaji ni walewale, mapaji yamebadilika, na hakuna aliyeshtuka.

Halafu ikaja sehemu moja ya 1996. Maofisa wa kituo kile wanarudishwa nyuma hadi enzi za Kapteni Kirk wa mfululizo wa 1966, wanawaona Waklingoni wa mapaji laini ana kwa ana, na wote wanamgeukia mwenzao Worf, ambaye ni Mklingoni. Wanabahatisha: walibadilishwa vinasaba? Au ni virusi? Worf anawajibu kwamba jambo hilo Waklingoni hawalizungumzi na watu wa nje.

Nilipoisikia kauli ile mara ya kwanza niliinuka kitini. Kuhusu mfupa haielezi chochote. Kuhusu Waklingoni inaeleza mengi: kuna jambo linalowaumiza wote, kila mmoja analijua, na wamekubaliana kulifunika. Miaka tisa baadaye, mwaka 2005, waandishi wa Enterprise, mfululizo mwingine wa Star Trek, walizichukua zile dhana mbili, vinasaba na virusi, wakazifanya maelezo rasmi. Wameishona vizuri, nawapa haki yao. Lakini ningekuwa mimi, ningemwachia Worf siri yake.

Jibu ambalo ningependa kaka yako alitazame liko kwingine, katika sehemu ya 2003 ya Enterprise hiyohiyo. Kapteni Archer anashitakiwa katika mahakama ya Waklingoni, na anayemtetea ni wakili mzee aitwaye Kolos. Gerezani, mzee yule anasimulia kwamba baba yake alikuwa mwalimu na mama yake mtaalamu wa biolojia, na kwamba zamani si wote walikuwa wapiganaji. Tabaka la wapiganaji liliinuka, na vijana wakaanza kuona heshima iko kwenye silaha tu.

Mimi nina daftari ninaloandikia mambo yasiyopatana katika mifululizo hii, na kurasa za Waklingoni zilikuwa zimejaa. Wale wa miaka ya 1960 ni wajanja, wapelelezi, hawaoni shida kumzunguka adui. Wale waliokuja baada ya 1987 wanahubiri heshima kutwa kucha. Nilikuwa nimeandika yote hayo chini ya neno "makosa". Baada ya Kolos nilirudi nikayakata mengi kwa mstari, kwa sababu ni makosa pale tu unapoamini kwamba taifa zima, kwa karne nzima, lina tabia moja. Kuna taifa gani la namna hiyo?

Lakini usimwambie kaka yako kwamba kila kitu kina udhuru. Watazameni pamoja Trill, jamii nyingine ya Star Trek. Mwaka 1991 balozi wa Trill ana paji lenye uvimbe, na anakataa kabisa kusafirishwa kwa mwale, yaani kuhamishwa papo hapo na mashine kutoka mahali hadi mahali, kwa sababu kiumbe anayeishi tumboni mwake angedhurika. Mwaka 1993 anakuja Jadzia Dax: uso wake hauna uvimbe, una madoa yanayoteremka shingoni, na anasafirishwa kwa mwale bila wasiwasi wowote. Madoa hayanisumbui. Walijaribu lile paji kwa Terry Farrell, mwigizaji wa Jadzia, wakaona linamharibia uso, wakabadili. Nami naweza kuamini kwamba sayari moja ina watu wa sura mbili. Ule mwale ndio unaoniudhi. Hadithi ya 1991 iliegemea sharti lile. Balozi alipanda chombo kidogo kwa sababu yake, na humo ndimo alimojeruhiwa. Mila zinaweza kutofautiana kati ya mtu na mtu. Sharti lililombebesha mtu maumivu mbele yetu halifutwi kimyakimya. Hapo kaka yako ana haki ya kulalamika, nami nalalamika naye.

SWALI: Mzee, katika Doctor Who, ule mfululizo wa televisheni wa Uingereza, mji wa Atlantis uliangamia mara ngapi?

JIBU: Mara tatu, na masimulizi hayapatani: hadithi ya 1967, dai la kiumbe mmoja katika hadithi ya 1971, kisha hadithi ya 1972. Mfululizo ule ulianza 1963 na umepita mikononi mwa watu wengi. Unatazamika vizuri zaidi ukiuchukua kama visa vinavyosimuliwa na wazee tofauti wa ukoo mmoja.

SWALI: Shikamoo. Ninaandika hadithi yangu ya mfululizo, sasa niko sura ya 11. Rafiki yangu ameniambia viumbe wangu wa sayari nyingine wote wanafanana tabia. Nirekebishe vipi bila kuvuruga nilichokwisha kuandika?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usiguse sura zilizopita. Ingia ndani ya nyumba moja ya viumbe hao.

Waferengi, jamii nyingine ya Star Trek, waliletwa mwaka 1987 ili wawe maadui wa kutisha, wakashindwa kutisha. Waliokolewa na familia moja katika Deep Space Nine. Quark anaabudu faida. Mdogo wake Rom anaanzisha chama cha wafanyakazi ndani ya baa ya kaka yake, jambo ambalo sheria yao inalikataza. Mama yao, Ishka, anavaa nguo na kufanya biashara, na kwa mwanamke wa Kiferengi yote mawili ni kosa la jinai. Nog, mtoto wa Rom, anajiunga na Starfleet, kikosi cha angani cha wanadamu na washirika wao. Haya yalipoanza, sheria za Waferengi zilikuwa bado hazijabadilishwa. Zilikuwa palepale, na kila mmoja akasimama mahali pake mbele ya sheria hizo.

Babylon 5, mfululizo mwingine wa angani, nayo ina sehemu ya 1994 inayosifiwa sana: jamii mbalimbali zinaonyesha imani zao, kisha mwanadamu anapanga foleni ndefu ya watu wa imani mbalimbali na wasioamini, mmoja mmoja. Inagusa moyo, hata mimi hunigusa. Lakini nikikumbuka kwamba wengine walioonyeshwa wamepewa ibada mojamoja, naona wamenyimwa kitu. Bahati nzuri sehemu hiyohiyo imemleta Na'Toth, msaidizi wa balozi G'Kar wa Wanarn. G'Kar anafuata mafundisho ya G'Quan. Katika sehemu nyingine Na'Toth anasema baba yake alimfuata G'Lan, mama yake hakuamini mambo mengi, na yeye anajiamini mwenyewe. Ni maneno machache tu, ya watu wawili wanaofanya kazi ofisi moja, na tayari sayari yao ina imani mbili na watu wasio na yoyote.

Katika sura ya 12, nani kati ya viumbe wako atakuwa Na'Toth? Mchague kati ya wale ambao tumekwisha kuwaona wamesimama nyuma ya mkubwa wao bila kusema neno, kisha umpe nafasi azungumze.