Mwanangu, karakana usiifunge

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, hapa Mtwara sote tu wazima. Umeuliza kama ufunge karakana yako pale Lindi uingie chuo cha ufundi stadi cha VETA miaka miwili kusomea uchomeleaji, maana mradi wa kusindika gesi asilia pale Likong'o, Lindi, unakuja na watakaochukuliwa ni wenye vyeti. Tena ukauliza, naona kwa hasira kidogo, haya mafunzo ya serikali yana faida gani ikiwa waliohitimu bado wanaendesha bodaboda.

Usiifunge. Kozi ndefu imewekewa kijana ambaye hajawahi kushika mashine. Wewe umechomelea mageti na grili miaka yote hii, utakaa pale ukionyeshwa namna ya kushika koleo. Unachokosa ni vitu viwili: karatasi inayosomeka na mtu asiyekujua, na ujuzi fulani ambao mtaani haufundishwi. Njia zake ni mbili tofauti.

Tuanze na karatasi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unajiandikisha chuoni, unajaza fomu ya kazi unazoziweza, unakusanya ushahidi. Picha ziwe zako ukiwa kazini. Geti lililokwisha kupakwa rangi halithibitishi kitu, hata la jirani linapigika picha. Ongeza stakabadhi za wateja na barua ya mtu uliyemfanyia kazi. Kisha mtathmini anakuangalia ukifanya kazi, na pale penye upungufu unafundishwa hapo tu, hurudishwi mwanzo. Mafundi wa mtaani kwenye mshono hawana shida sana. Wanaangukia usalama na kusoma mchoro. Mtu anachomelea kwa miwani ya jua, kebo imechubuka hadi shaba inaonekana, na akipewa mchoro wenye vipimo vya milimita anauliza sampuli iko wapi. Jiandae hapo. Kuna awamu ambazo serikali hulipia kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Matangazo yake hayakai sana ubaoni, kwa hiyo mwone mapema afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Wala usijione unaomba msaada. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile wanayoiita SDL, inayokokotolewa kwa jumla ya mishahara wanayolipa. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na sehemu yake ndiyo inayoendesha VETA. Fedha imeshatoka, anayekaa nyumbani anawaachia wengine.

Lakini cheti hicho hakitakufikisha kwenye bomba la gesi, na ni vizuri ulijue hilo sasa. Mtihani wa bomba unaitwa 6G: bomba linafungwa likiwa limeinama nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndiye unayelizunguka, juu, ubavuni na chini yake. Ncha za vipande viwili vinavyoungwa zimechongwa mteremko, zimeachiana nafasi ya kama milimita 3, na mshono wa kwanza lazima upenye hadi ndani bila kutoboa. Baadaye hupigwa eksirei. Vile vijiti vya kuchomelea vya aina ya 6013 unavyotumia kwenye grili havitumiki pale. Vya aina ya 7018, vinavyotumika kwenye kazi nzito, navyo vinataka ukavu: hukaa kwenye oveni na kutolewa vichache vichache, kwani vikinyonya unyevu, na hewa ya pwani unaijua, haidrojeni huingia kwenye chuma na mshono hupasuka baada ya kupoa, wewe ukiwa umeshaondoka. Halafu sifa unayoipata kwa kufaulu mtihani huo ina muda wake. Kwa kanuni za kimataifa, mchomeleaji asipofanya kazi ya namna ile kwa miezi 6 hupimwa upya.

Sasa pima. Makubaliano ya awali ya mradi wa Likong'o yalitiwa saini Juni 2022, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ni hatua nyingine kabisa. Ukilipia 6G leo kwa ajili ya kazi isiyo na tarehe, sifa itakufia mkononi. Tena ujenzi huajiri wengi kwa miaka michache, uendeshaji huajiri wachache. Bomba la gesi kutoka Madimba, hapa Mtwara, hadi Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015, wengi waliolijenga walirudi makwao. Hao wa bodaboda unaowasema wengine walifundishwa kwa ajili ya kazi zilizosikika redioni tu. Wengine walikuwa kundi kubwa kwenye mashine mbili, kila mmoja akachoma vijiti vichache akapewa cheti.

Ingekuwa mimi, ningechukua kozi fupi ya kuchomelea stenlesi kwa gesi ya argoni. Mashine za kubangulia korosho, za muhogo na meza za samaki zinaharibika kila msimu, na anayezitengeneza vizuri huku kwetu anatafutwa. Kazi hiyo ina miiko yake: jiwe la grenda lililokata chuma cheusi lisiguse stenlesi, maana chembe hubaki na kutu inaanzia pale, na mshono wa bomba la chakula usipopewa argoni kwa ndani pia, upande wa ndani unaungua, unakuwa na chembechembe zinazoshika uchafu. Mtaani hakuna atakayekufundisha hayo.

Kabla ya kulipa, muulize mwalimu: mashine za argoni ziko ngapi na ngapi zinafanya kazi, wanafunzi ni wangapi kwa kila moja, mtungi ukiisha nani anajaza, na wiki za mazoezi kazini mnapelekwa wapi, kwa jina. Akijibu "tutaona", subiri awamu nyingine.

Uende na kipande cha kazi yako: bati mbili za milimita 6 ulizoziunga kwa kijiti cha milimita 3.2, ukakata mshono katikati ukausugua kwa msasa hadi undani uonekane. Usikichague kizuri mno, mwalimu anataka kuona unapokosea.

Mama yako anakusalimu, anauliza jiko lake la chuma litakuja lini.

Baba yako