Gari limevutwa huku naliangalia, hii ni haki kweli?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi naishi Los Angeles. Juzi usiku nilipaki kwenye plaza nikaingia duka la dawa kumchukulia mtoto dawa ya homa, nilivyotoka nikavuka barabara mara moja kuchukua chakula, dakika kumi tu jamani, narudi nakuta brekdauni imeshalinyanyua gari langu. Nikamwomba dereva alishushe akasema nilipe hela yote ya kuvuta tena keshi, sikuwa nayo, akaondoka nalo na kiti cha mtoto kiko ndani. Kuvuka nilivuka, nakubali, paking ni ya wateja wa pale. Lakini ndo nifanyiwe hivi?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na mtoto apone haraka.

Mwenye plaza ana haki na eneo lake, wenye maduka wanaumia wateja wakikosa paking. Ila huyo dereva amekuonea. Sheria ya magari ya California, kifungu cha 22658, inasema ukifika gari halijatoka kwenye eneo ukaomba, analiachia hapohapo, na kama ameshalifunga basi anakudai isiyozidi nusu ya bei ya kuvuta. Na kadi lazima apokee!

Sasa rudi pale plaza na simu yako upige picha. Kila mlango wa kuingilia uwe na bango lisilopungua inchi 17 kwa 22, lenye namba ya polisi na ya kampuni ya kuvuta. Halafu kampuni waombe nakala ya idhini, maana kwa kawaida mtu wa plaza anatakiwa awepo palepale na asaini kabla gari halijaguswa. Hapa ndo mimi naumia, bila hiyo saini dereva anazunguka usiku anawinda magari, kila analolipata ni hela yake, yeye ndo anakushtaki, yeye anakuhukumu, na faini anakusanya yeye! Uingereza na Wales tangu Oktoba 2012 kuvuta gari kwenye eneo binafsi bila idhini ya kisheria ni jinai, mwenye eneo anakuletea bili, na plaza zao zipo zinafanya kazi mpaka leo.

Gari likomboe mapema kwa kadi, yadi wanakolihifadhi wanatoza kwa siku. Risiti itunze uende nayo mahakama ya madai madogo, kwani aliyekutoza kupita kiasi unaweza kumdai mara nne ya alichokutoza. Wakikunyima hiyo nakala ya idhini, andika siku na saa uliyoiomba.