Rivolva inayopiga teke: raba sio jibu la kila mkono

Wadau, msomaji wangu mmoja wa Houston kanijia inbox. Kanunua rivolva, Ruger Super Blackhawk ya risasi nzito za .44 Magnum, ya kuwindia nguruwe pori, kapiga raundi chache tu kidole cha kati kimevimba, anauliza aweke raba gani kwenye mpini.

Nimemuelewa sana. Mie nilivyohamia Texas jamaa wa duka moja aliutazama mkono wangu mdogo, akacheka mbele ya wateja, akaniuzia raba nene akisema ndo dawa, na mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nachefukwa. Ile raba ilining'ang'ania ngozi mpaka pale kati ya kidole gumba na shahada pakachubuka, na hela hakurudisha.

Sasa sikilizeni. Rivolva za mtindo wa kikauboi kama hiyo Blackhawk, mpini wake umepinda ili ukifyatua bunduki izunguke mkononi, mdomo uende juu. Raba inaizuia isizunguke, teke lote, yaani ule msukumo wa kurudi nyuma ukifyatua, linaishia kiganjani. Hapo weka mbao laini, isiwe na vile vichongo vya miraba maana kwenye .44 vinakuchuna kama msasa. Kidole cha kati kinagongwa na ile pete ya kifyatulio, kwahiyo mbao iwe imejaza ule uwazi nyuma ya pete. Yangu ni ya mpingo, naam, mpingo wa kwetu ule ule wa Makonde, mti mzito mpaka unazama majini, nikachongewa na fundi kwa vipimo vya mkono wangu huu huu uliochekwa, na pale renji ya kulengea shabaha wenye mikono mikubwa wananiomba waushike huo mpini.

Zile za double action, ambazo ukivuta kifyatulio tu nyundo inajikokota yenyewe, ni habari nyingine. Zina nundu juu ya mpini, hazizunguki sana, hapo raba inafanya kazi. Smith & Wesson walipotoa rivolva yao ya Model 500 mwaka 2003 raba yao ilifunika mpaka chuma cha nyuma ya mpini. Ila ukifunika huko nyuma kifyatulio kinakuwa mbali, mwenye vidole vifupi hakifikii vizuri. Kuna pia mipini ya Micarta na G10, aina za plastiki ngumu ya matabaka; hazivimbi kwa jasho wala mvua, ila ni ngumu, chukua zilizosuguliwa zikawa laini.

Na acheni sifa jamani! Mtu anaumia, mkono unatetemeka, bado anajaza risasi nzito sababu washkaji wanamrekodi. Ndugu yangu wa Houston, hiyo bunduki yako inakubali na risasi za .44 Special, teke lake dogo, piga hizo mpaka uvimbe uishe ndo uende kwa fundi.